Mpiga Ngoma wa Buni Mbichi

Usiitafute kanda ya Buni Mbichi madukani, hutaipata. Bendi hiyo ya Nyakasimbi haikufika huko. Ilirekodiwa mara moja tu kwa mitambo ya maana, Bukoba mjini, nyimbo mbili, na nakala chache zilizotoka zilipigwa Karagwe nzima mpaka utepe ukaliwa na redio. Baada ya hapo kila mwanabendi alirudi kwenye kibanja chake, maana migomba haijali kama mwenye nayo ni msanii. Sasa ukikutana na mtu anayesema ule ulikuwa mchezo wa vijana wasio na kazi, muulize ngoma alikuwa anapiga nani. Akijibu Ildefonsi, mwache aende zake. Huyo hajui kitu, na bahati mbaya wako wengi.

Aliyepiga ni Anonciata, binti wa mzee Harerimana. Ukimwona leo huko Mabira alikoolewa, mama mtu mzima anayeanika kahawa uani na kuwafokea kuku, hutadhani. Si msemaji, na kanisani hukaa benchi la nyuma kama mtu aliyechelewa. Ukitaka kumjua, usimsikilize anapoongea. Msikilize anapotwanga.

Kutwanga ndiko kulikomwingiza matatani. Baba yake alitoka Burundi akiwa kijana, akaja Karagwe kutafuta kibarua cha kahawa kama walivyokuja wengi wa kwao, akabaki, akaoa, akapata kibanja. Kwao walikuwa wapiga ngoma. Si wapiga ngoma wa kuchangamsha pombe; wapiga ngoma hasa, ukoo mzima, tangu baba yake mzazi, aliyeitwa Barutwanayo. Huyo Barutwanayo alikuwa na mkono wake, ndivyo wanavyosema kwao, yaani namna yake ya kupiga ambayo mtu akiisikia ng'ambo ya bonde anajua ni nani. Mapigo mawili mazito, moja jepesi, halafu mkono unasita. Unasita mpaka anayesikiliza anadhani mpigaji amesahau, kisha unaanguka mahali pake. Harerimana hakuja na ngoma Karagwe. Alikuja na huo mkono tu, akawa anaugonga mezani, kwenye mlango, kwenye kopo la rubisi, ile pombe ya ndizi, popote.

Alitaka kumwachia kijana wake, Fidele. Akamkalisha mbele ya debe tupu, akamfundisha kwa upole, akamfundisha kwa ukali, na mwisho akamfundisha kwa fimbo. Fidele ni mtu mwema, Mungu amzidishie, lakini ana mikono ya mbao. Pale pa kusita yeye alikuwa anasimama kabisa, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. Na muda wote huo dada yake alikuwa jikoni anatwanga, na anasikia.

Siku moja, mwaka ule wa vita, sabini na nane, wakati redio haisemi lingine ila habari za mpakani, mzee Harerimana alikuwa amekaa uani na simanzi zake. Akasikia mkono wa baba yake unatoka jikoni. Mawili mazito, moja jepesi, kusita. Aliinuka akaenda kuchungulia. Alimkuta Anonciata, wakati huo binti mdogo tu, anaponda kahawa kinuni huku amefumba macho. Hakumpiga. Alimpokonya mchi, akamwambia kwamba kwao ngoma haiguswi na mwanamke, haikuguswa na bibi zake na haitaguswa na yeye, na asimtafutie laana ugenini. Kisha akamwambia mama yake, Nyirabageni, kwamba kuanzia siku hiyo mtoto huyo atwange kama watu wengine wanavyotwanga.

Anonciata akatwanga kama watu wengine. Baba akiwa nyumbani.

Vita ilipokwisha, Gosbert wa Rugu alirudi kutoka mgambo akiwa na redio kaseti kubwa yenye spika mbili, na ndani yake kanda isiyo na jina. Kanda hiyo ndiyo iliyoharibu watu. Ilikuwa ya wazungu wasiojulikana wanaopiga magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na mwimbaji anaimba kama mtu anayegombana na mkewe huku amechoka kugombana. Wazee waliposikia walimshauri aipeleke redio kwa fundi. Gosbert akawaambia redio ni nzima, huo ndio muziki. Walimwonea huruma, vita inaacha mambo kwa watu.

Lakini Gosbert alikuwa amepania. Alichukua gitaa la zamani lililotupwa na kwaya, akalifunga sumaku na nyaya kutoka kwenye spika mbovu, akaliunganisha na redio ya mbao ya marehemu babu yake iliyokuwa inakula betri ya pikipiki. Spika ya redio ile ilikuwa imechanika. Mtu mwingine angeibandika karatasi. Gosbert aliipasua zaidi kwa wembe, akasikiliza, akapasua tena kidogo. Alipopiga, ikakwaruza vilevile. Watu wa Rugu wakafunga madirisha.

Akampata Yustus, utingo wa lori lililokuwa likisomba kahawa, akampa gitaa la nyuzi nene. Akampata Ildefonsi, mtoto wa muuza mbuzi, kijana mzuri wa sura na mpenda watu, akampa ngoma. Ngoma yenyewe ilikuwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya ng'ombe, debe lililotiwa vizibo vya chupa ndani, na kifuniko cha gurudumu la lori kilichoning'inizwa kwenye kamba. Wakajiita Buni Mbichi, kwa sababu, Gosbert alisema, buni mbichi haijachomwa na haijamfurahisha mtu bado. Watu waliuliza kama ni dansi. Akasema si dansi. Wakauliza kama ni kwaya. Akasema Mungu apishe mbali.

Anonciata aliingia bendi kama mwitikiaji, na baba yake aliruhusu, maana kuitikia hakuna mwiko. Akawa anasimama nyuma ya Gosbert na kusema "oo" panapotakiwa "oo". Ilimuuma. Si kuimba kulikomuuma. Kulimuuma kumsikia Ildefonsi. Kijana yule alikuwa akianza wimbo anatembea, na kabla ubeti haujaisha anakimbia kama mbuzi wa baba yake walioona mahindi. Siku moja mazoezini Anonciata alivumilia, akavumilia, kisha akaenda akamwondolea fimbo mikononi, akakaa, akapiga. Fimbo zilikuwa za mti wa mkahawa, ngumu, nyepesi kuliko mchi uliouzoesha mkono wake. Aliusukuma wimbo wote taratibu, mawili mazito, moja jepesi, akasita, na pale aliposita gitaa la Gosbert lilikwaruza peke yake hewani, likasikika kubwa kuliko siku zote. Ngoma ikaanguka mahali pake. Gosbert alisahau kuimba.

Ildefonsi hakukasirika. Alisema afadhali, mikono ilikuwa inamwuma. Na hivyo wakala njama, ile njama ya kijinga ambayo kila mtu huiona ni ya akili siku inapofanywa. Mbele za watu, kwenye harusi na sherehe, atapiga Ildefonsi. Ndani, milango ikifungwa, atapiga Anonciata. Basi ikawa Buni Mbichi ya mazoezini ni bendi, na Buni Mbichi ya harusini ni fujo, na waliowahi kuisikia ya harusini ndio hao wanaosema hadi leo ulikuwa mchezo.

Ndiyo maana kanda ikawa kila kitu. Kanda haina sura. Kulikuwa na bwana mmoja Bukoba mwenye duka la redio, na nyuma ya duka ana chumba cha kurekodi chenye mashine kubwa. Katikati ya miaka ya themanini akaeneza habari kwamba bendi za vijijini zimpelekee sampuli zao, na itakayomgusa atairekodi bila malipo. Yustus aliisikia habari hiyo kwenye lori, akaileta. Kwa Gosbert ilikuwa njia ya kutoka. Kwa Anonciata ilikuwa zaidi ya hapo, ingawa hakumwambia mtu. Mara moja tu duniani, watu wasiomjua wangesikia mkono wake, wakasema unafaa au haufai. Alitaka hilo kuliko alivyotaka kuolewa, na wakati huo posa zilikuwa zinakuja.

Kanda ya kwanza waliirekodi nyumbani kwa Gosbert, ikawatia aibu. Betri za redio zilikuwa zimechoka. Walizianika juani juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, kama wafanyavyo watu wote, na redio ikakubali kuzunguka. Waliposikiliza palepale, ilikuwa tamu. Yustus akaipeleka Omurushaka kwanza, akamwomba mwenye duka mmoja aipige kwenye redio yake mpya yenye betri nzima. Ikatoka kama watoto wa chekechea wanaokimbilia uji. Utepe uliojazwa sauti polepole, sasa ulikuwa ukizunguka mbio, na sauti nzito ya Gosbert imekuwa ya kinda. Dukani watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yustus aliirudisha kanda mfukoni, na Bukoba hakuifikisha.

"Tunarudia," Anonciata alisema aliposimuliwa. Wengine walikuwa bado wanainamisha vichwa. Akasema betri watanunua mpya, na mahali watapiga ghalani, sio sebuleni kwa mtu.

Ghala la chama cha ushirika Nyakasimbi msimu wa kahawa hujaa magunia mpaka dari, na sauti ikiingia mle hairudi, inanywewa. Aliyajua hayo kwa sababu mlinzi wa ghala hilo usiku alikuwa baba yake. Na hapo ndipo pabaya, maana ufunguo ulikuwa kwake. Gosbert alienda kuuomba kwa adabu zote. Mzee Harerimana akauliza wanataka kufanya nini, akaambiwa. Akauliza ngoma anapiga nani. Gosbert, macho makavu, akasema Ildefonsi. Mzee akatoa ufunguo. Alisema siku hiyo yeye atakuwa Rugu kwenye msiba, wasiguse magunia.

Siku ikafika, Jumamosi, mchana jua likiwa kali na watu wako mashambani. Lori lilikuwa limeegeshwa barabarani chini, dereva anakula kwa mama lishe, na akimaliza wanaondoka kwenda Bukoba, Yustus akiwa juu yake na kanda mfukoni. Walipanga watu kama unavyopanga viungo mchuzini, kwa kuwa redio ilikuwa na kinasa sauti kimoja tu usoni mwake na haikuwa na kitu cha kuongeza wala kupunguza. Ukitaka mtu asikike kidogo, unamsogeza mbali. Redio ikawekwa juu ya gunia katikati. Gosbert na mdomo wake, karibu. Spika iliyopasuliwa, hatua kadhaa nyuma. Yustus pembeni. Anonciata na pipa lake wakasukumwa hadi mwisho kabisa, mgongo ukigusa mlango. Ildefonsi alipewa kazi nje: akae njiani chini ya mgomba, na akimwona mzee Harerimana anakuja, apige mluzi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa walijitahidi kuifupisha zaidi. Msiba wa Rugu ulikwisha mapema. Mzee akatokea kwenye kona, mkongojo mkononi na mfuko wa ndizi begani alizopewa na wafiwa. Ildefonsi akamwona vizuri kabisa. Akatayarisha midomo. Kisha ikamjia kwamba mzee amekwisha kumtazama usoni, na mtoto aliyelelewa hampigii mzee mluzi, mluzi unapigiwa mbwa. Akafunga mdomo, akasimama, akasema shikamoo. Akaitikiwa marahaba. Akaona mzee ana mzigo, akampokea. Na akiwa amekwisha kuupokea, ikawa hana budi kuusindikiza unakokwenda, na ulikuwa unakwenda ghalani.

Walitembea pamoja. Walipokaribia mlango, ngoma ikasikika. Mzee Harerimana alisimama. Akamtazama Ildefonsi, mpiga ngoma wa Buni Mbichi, aliyebeba mfuko wa ndizi. Akautazama mlango. Mle ndani mapigo mawili mazito yakashuka, likafuata jepesi, mkono ukasita, ukaanguka. Hakuwa ameusikia kwenye ngoma tangu alipovuka mpaka akiwa kijana, na baba yake, aliyeupiga siku ile, alimwacha anaupiga uani kwao, wala hakumwona tena. Sijui alidhani nini. Pengine alidhani kuna mtu wa kwao amekuja. Alichofanya ni kile ambacho mtu wa kwao hufanya akifika mlangoni pa watu. Alisogea akasalimu, kwa sauti ya wazi, kwa salamu ya kwao ya mchana.

"Mwiriwe!"

Ndani walikuwa kwenye ubeti wa mwisho. Anonciata alikuwa amefumba macho. Hakufikiri. Mtoto wa Nyirabageni alifundishwa kabla hajaota meno kwamba salamu ya mkubwa haiachwi ianguke chini, na salamu hiyo ilimfikia mgongoni pale hasa, katika kusita, mikono iko juu na kinywa hakina kazi.

"Mwiriwe, Baba," akaitikia, na mikono ikashuka mahali pake.

Gosbert alisikia, akageuka, akatoa macho. Angesimama, wimbo ungekufa. Lakini ngoma haikutetereka hata kidogo, na ngoma ikiwa inakwenda wewe utasimamaje? Akaimba. Yustus akavuta nyuzi zake huku amekodolea mlango, ambao sasa ulikuwa unafunguka. Anonciata alihisi mwanga mgongoni, akajua ni nani. Akapiga moyo konde. Maji alikuwa amekwisha kuyavulia nguo. Alipiga hadi neno la mwisho la wimbo, akakizima kifuniko cha gurudumu kwa kiganja kisilie ovyo, ndipo akalaza fimbo juu ya ngozi. Gosbert akabonyeza redio ikanyamaza.

Wakati huohuo mkwaruzo wa spika ukalegea, ukafa. Betri ya pikipiki ilikuwa imekata roho.

Ghala lilinuka maganda ya kahawa. Gosbert alianza kusema shikamoo mzee, lakini ikatoka nusu. Mzee Harerimana hakumtazama yeye wala bintiye. Aliitazama redio.

Akaagiza wamfungulie asikie. Gosbert alichomoa kanda, akairudisha nyuma kwa kuizungusha kwenye kalamu ili asile betri. Akaitia, akabonyeza. Kwanza ikatoka sauti yake mwenyewe aliyoifanya nzito kama ya mtangazaji: "Hii ni Buni Mbichi, kutoka Nyakasimbi, Karagwe, nchi ya vilima na kahawa. Gitaa na sauti, Gosbert. Besi, Yustus. Ngoma, Ildefonsi." Halafu gitaa peke yake, ule mkwaruzo mrefu alioufanyia kazi msimu mzima, na nyuma yake ngoma ikaingia.

Mzee alisikiliza mpaka ilipofika salamu yake, na jibu la bintiye. Akasema irudishwe mwanzo. Akasikiliza majina mara ya pili.

Anonciata aliona afadhali limfike sasa kuliko kulisubiri. Akasimama kutoka nyuma ya pipa.

"Nimepiga mimi, Baba. Si mara ya kwanza, na sitakudanganya kwamba ni ya mwisho."

"Sijawa kiziwi," mzee akasema. "Nimemkuta Ildefonsi njiani kabeba ndizi zangu. Ninachouliza ni hiki: mkono wa baba yangu huyu kijana ameupata wapi?"

Ildefonsi aliweka mfuko wa ndizi chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Mzee Harerimana akaanza kusema, na hakupaza sauti. Alisema kwamba mwiko umevunjwa, na hilo ni lake yeye na waliomtangulia, atawaeleza siku akiwafikia, na wakimgombeza atagombezwa. Hakusema limempendeza, halikumpendeza, ilionekana. Lakini alisema baba yake alikufa yeye akiwa ugenini, hakumzika. Ng'ombe hakuachiwa, shamba hakuachiwa. Alichoachiwa ni mkono ule, na alikuwa amekwisha kuamini kwamba utafia kwake kwa sababu Fidele hauwezi. Leo anaukuta mzima, na anaukuta umepewa jina la mtoto wa muuza mbuzi, tena unapelekwa Bukoba watu wakausikie kwa jina hilo.

"Mwiko ninaweza kuubeba," akamaliza. "Wizi, hapana. Kanda hii haitoki humu na uongo huo."

Gosbert akaomba kueleza, akaeleza vizuri tu. Betri ya gitaa imekufa, kwa hiyo wimbo hauwezi kurudiwa. Kilichopo ni hicho. Mtu anaweza kurekodi juu ya yale maneno ya mwanzo peke yake, lakini nafasi ni finyu: redio inafuta inapoandika, na ukizidisha neno moja unaanza kulila gitaa. Labda, akasema, wabadilishe neno moja tu la mwishoni, jina la Anonciata badala ya Ildefonsi. Anonciata ni refu kuliko Ildefonsi lakini akilisema haraka litaenea.

"Jina moja ni la nani?" mzee akauliza. "Akina Anonciata wako kila parokia. Atataja na mimi. Atataja na baba yangu, mwenye mkono."

"Mzee, hapatoshi."

Huko chini lori likapiga honi. Dereva alikuwa amemaliza kula. Yustus akasema, bila kumtazama mtu, kwamba dereva yule hangoji hata mgonjwa.

Anonciata alikuwa anaisikiliza ile honi. Kanda hii isipoondoka leo haiondoki tena. Alijua hivyo, maana baba yake angekwenda kulala nayo na kesho angeamka na mawazo mengine, na posa ya Mabira ilikuwa imekwisha kupelekewa jibu la kuja kuzungumza. Na ikiondoka ilivyo, mkono wake utasikika Bukoba na sifa zitakwenda kwa mtu aliyekuwa amekaa chini ya mgomba. Saa ile ile aligundua kwamba hilo la pili haliwezi. Asubuhi alikuwa ameliweza. Sasa, baada ya kuitikia kwa kinywa chake mwenyewe, hapana.

Akamwendea Gosbert.

"Aliyesema uongo kwa Baba ni wewe," akamwambia. "Aliyesema uongo ndani ya kanda ni wewe. Basi nafasi itoke kwako."

Gosbert aliutazama uso wake, akatafuta mzaha usoni humo asiupate. Ule mkwaruzo wa mwanzo aliupenda kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, na aliyemlaumu baadaye kwamba hakuupigania hajawahi kusimama mbele ya Anonciata akiwa amepania. Akaichukua kalamu, akairudisha kanda mwanzo, akasukuma redio juu ya gunia mpaka mbele yake. Akamwonyesha vibonyezo viwili vya kukandamiza pamoja. Akamsihi aseme upesi.

Anonciata hakusema upesi. Alikandamiza, akavuta pumzi, na akasema kwa mwendo wake, kila neno likipata mahali pake. Alilitaja jina la bendi, na la Nyakasimbi. Kisha akasema, "Ngoma, Anonciata wa Harerimana wa Barutwanayo," na kwenye jina hilo la mwisho, ambalo ni refu kweli, Gosbert aliinama akashika magoti kama aliyepigwa tumboni. Ndipo akaachia.

Wakaipiga wasikie, lori likipiga honi ya pili. Ikatoka sauti yake, ikafuata kelele ndogo ya kibonyezo, na baada ya hapo gitaa halikuwapo. Mkwaruzo wote wa mwanzo ulikuwa umeliwa na jina la babu. Jina lilipokwisha, palepale, bila kitu kingine mbele yake, ngoma iliingia.

Mzee Harerimana akasema hiyo sasa waipeleke. Akaokota mfuko wake wa ndizi, akaenda zake nyumbani. Yustus alichomoa kanda akakimbia nayo kuteremka mlima, akalidandia lori likiwa limeanza kutembea.

Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kwamba jina la Gosbert nalo limefutika, na la Yustus. Walikuja kulijua hilo wiki zilizofuata, Yustus aliporudi na jibu kutoka kwa yule bwana wa Bukoba. Jibu lilikuwa la mdomo, na Yustus alilisema mbele ya bendi nzima huku akikwepa macho ya Gosbert.

"Amesema aje huyo Anonciata," akasema. "Na akiwa na watu anaopiga nao, anaweza kuja nao."